Kiungo Kilichoachwa Wazi

(Haya ni mazungumzo niliyoyafanya mbele ya mafundi seremala vijana waliokuwa wanamaliza mafunzo yao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikapunguza vicheko na kukohoa.)

Ndugu mafundi, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kukaa na vijana, hamjambo? Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeambiwa nizungumzie mtindo wa samani, na nimepewa nusu saa. Mtu aliyeshika randa miaka mingi akishikishwa kipaza sauti huwa hajui pa kukiwekea, basi mwenyekiti akiona napitiliza, anikoholee.

Naanza na siri ambayo wote humu tunaijua ila hatuisemi mbele ya mteja. Tenoni, ule ulimi wa mbao, ikicheza ndani ya motisi, yaani tundu lake, au pembe ya droo ikiacha ufa unaopitisha kadi ya simu, fundi haitupi ile kazi. Anachota unga wa msumeno pale pale sakafuni, anautia gundi nyeupe, anaukoroga kwa kipande cha mbao, anaupachika kwenye ufa kwa ncha ya kisu. Ukikauka, msasa. Juu yake vanishi, mara mbili kama mteja ni wa kutazama sana. Mteja anakuja, anapitisha kiganja, anasema, "Fundi, hapa kweli umefanya kazi." Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi kuliko nilivyostahili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi. Jumamosi moja nikapanda treni mpaka Cheltenham, mji ulio ukingoni mwa vilima vya Cotswolds, kwa sababu mwalimu wetu alituambia kwamba katika makumbusho ya pale kuna samani ambazo seremala asife hajaziona. Nikaingia. Wageni wengine walisimama mbele ya kila kabati, wakasoma kibao, wakasogea. Mimi nikapiga magoti nikachungulia uvunguni mwa meza. Mlinzi, mama mmoja mtu mzima, akaja mbio akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijambo, natafuta unga wa msumeno. Hakunielewa, na Kiingereza changu hakikutosha kumweleza.

Sikuuona. Nilichokiona ni mhimili wa chini wa meza umepenya mguu moja kwa moja na kutokeza upande wa pili, kama nusu ya kidole. Ncha yake haikukatwa ikasawazishwa na kufichwa. Kingo zake nne zilikuwa zimepunguzwa kwa patasi, taratibu, na mwanga ukipita juu yake unaona kila mkono ulipoanzia na ulipoishia. Kati ya ncha ile na tundu lake hapakuingia hata ukucha. Fundi anayeacha kiungo chake nje namna hiyo hana pa kujificha: akikosea kwa unene wa unywele, kosa linakaa mezani miaka mia moja, watu wanakula chakula juu yake. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Nadhani hawakuwa wakifikiria useremala, lakini pale chini ya meza ndiyo methali iliyonijia.

Mtindo wa samani zile unaitwa Arts and Crafts, yaani sanaa na kazi za mikono. Ninachotaka kuwasimulia leo ni safari ya kile kiungo: kilivyotolewa nje ili kiseme kweli juu ya kazi, na jinsi ambavyo baada ya miaka si mingi ile kweli yenyewe ikageuka pambo la kuuzia.

Twende London, mwaka 1851. Ndani ya bustani ya Hyde Park lilijengwa jumba kubwa la chuma na vioo, Crystal Palace, likajazwa bidhaa za viwanda kutoka Uingereza na nchi nyingine. Watu wapatao milioni sita waliingia kutazama kwa muda wa miezi mitano na nusu. Samani zilizopigiwa makofi pale zilijaa maua, mizabibu, simba na malaika. Kila palipoweza kuchongwa pamechongwa, na pasipochongwa pamebandikwa ubao mwembamba wa mti wa bei juu ya msonobari wa bei poa. Mashine za mvuke zilishaweza kupasua mti ghali hadi ukawa mwembamba kama jalada la daftari, basi meza ya msonobari inavalishwa koti la mjozi na kuuzwa kama mjozi. Msiwacheke. Sisi na plaiwudi yetu ya kubandika karatasi yenye picha ya mninga hatuko mbali nao.

Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa miaka 17, William Morris, alipelekwa na familia yake kuyaona maonyesho hayo, akagoma kuingia. Kama ndivyo ilivyokuwa, ni jeuri ya ujana, lakini jeuri ile ilizaa kitu.

Aliyempa Morris maneno ya kuisemea hasira yake ni John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa. Mwaka 1853, katika sehemu ya pili ya kitabu chake juu ya majengo ya Venice, Ruskin aliandika sura inayowasifu waashi wa kale wa makanisa ya Kigothi. Hoja yake ilikuwa kwamba tunasema tumegawanya kazi, kumbe tumegawanya watu. Tumewavunja vipande vipande. Na kwamba mchongo uliopinda wa mtu anayefikiri una thamani kuliko mchongo ulionyooka wa mtu aliyegeuzwa chombo. Nikiileta karakana: kijana anayetoboa matundu ya miguu ya viti tangu asubuhi hadi jioni, mwaka wa tatu huu, na hajawahi kuunganisha kiti kizima, Ruskin angesema huyo hajafundishwa ufundi. Amefanywa keekee, chombo cha kutobolea tu.

Kabla yao alikuwepo Augustus Pugin, msanifu aliyebuni mapambo ya ndani ya Bunge la Uingereza, aliyeshikilia kwamba pambo halali ni lile linalokirembesha kiungo chenyewe, si lile linalokifunika. Alikufa 1852 akiwa na miaka 40 tu. Mimi huwa namhesabu kuwa babu wa mambo haya yote, ingawa wengi huanzia kwa Morris.

Morris mwenyewe tusimpake mafuta kupita kiasi. Alikuwa mtoto wa tajiri. Fedha za ujana wake zilitoka kwenye hisa za mgodi wa shaba ambazo baba yake alinunua, na waliokuwa chini ya mgodi ule hawakuwa wakifurahia kazi ya mikono yao. Mwaka 1856 yeye na rafiki yake mchoraji, Edward Burne-Jones, walipanga vyumba katika mtaa wa Red Lion Square, London. Wakazunguka madukani kutafuta samani, hawakupata hata moja wanayoweza kuivumilia. Wakaamua wachore za kwao, wampe seremala wa mtaani azitengeneze.

Burne-Jones alisimulia baadaye siku ile benchi kubwa la mgongo mrefu na makabati lilipoletwa. Wenyewe hawakuwepo. Waliporudi, ngazi na vijia vyote vya nyumba vilikuwa vimezibwa na magogo ya mbao, hakuna pa kupita. Benchi lilimeza sehemu kubwa ya chumba. Viti vilikuwa vizito kiasi kwamba rafiki yao Dante Gabriel Rossetti alitania kwamba vinamfaa Barbarossa, yule mfalme wa zama za kale. Wanafunzi wangu, hili mlikumbuke mtu akiwaletea mchoro mzuri sana wa kochi: kwanza muulizeni mlango wake una upana gani. Benchi lile bado lipo. Lilihamishiwa Red House, nyumba ambayo msanifu Philip Webb alimjengea Morris huko Bexleyheath mwaka 1859 na 1860, na ukienda leo utalikuta.

Nyumba hiyo nayo ilihitaji vitu, na kutokana na kuihangaikia, Morris na wenzake walifungua kampuni mwaka 1861. Ajabu ni kwamba Morris hakuwa mtu wa samani. Alichora karatasi za ukutani, alifuma, alitia nguo rangi mpaka mikono ikabaki na buluu ya nili. Samani za kampuni zilibuniwa na Webb, Ford Madox Brown na wengine. Kilichouzwa zaidi ni kitu kidogo kabisa: kiti cha Sussex. Kilikuwa kiti cha kijijini, cha aina ambayo mafundi wa mashambani walikuwa wakitengeneza tangu zamani, vijiti vyembamba vilivyokerezwa, kimepakwa rangi nyeusi, na kikalio cha nyasi za bwawani zilizosokotwa. Ukikinyanyua kwa mkono mmoja kinakuja. Kampuni ilikiuza kwa miongo mingi. Kingine ni kile ambacho dunia inakiita kiti cha Morris, chenye egemeo linaloweza kulazwa nyuma kwa kuhamisha fito. Nacho hakukibuni Morris: meneja wa kampuni, Warington Taylor, alikiona mwaka 1866 kwa seremala mmoja wa Sussex aitwaye Ephraim Colman, akapeleka mchoro, Webb akaurekebisha. Jina la Colman wangapi humu mlilijua? Nami nililijua ukubwani. Seremala anatengeneza, jina analichukua mwenye duka.

Lakini vitu vyote vya kampuni havikuwa vya bei ya kile kiti. Makabati yaliyochorwa michoro na wasanii yaliingia kwenye nyumba za wenye viwanda. Inasimuliwa kwamba Morris alipokuwa akipamba nyumba ya tajiri mmoja wa chuma kaskazini mwa Uingereza, alionekana anazunguka chumbani amefura. Alipoulizwa kulikoni, akajibu kwamba anamaliza umri wake akitumikia anasa za kinguruwe za matajiri. Mwaka 1883 akajiunga na chama cha kisoshalisti na kuanza kuhutubia barabarani. Swali lake hakulijibu mpaka alipokufa 1896: kitu kikitengenezwa kwa mkono, na fundi akalipwa kama binadamu, nani atakayeweza kukinunua isipokuwa yule yule tajiri?

Jina la Arts and Crafts lilipatikana mwaka 1887, wasanii na mafundi walipounda chama cha maonyesho. Aliyelipendekeza alikuwa mjalidi wa vitabu, T. J. Cobden-Sanderson. Maonyesho ya kwanza yakafanyika London mwaka uliofuata. Mambo ya vyama na kamati nayaruka, maana yanafanana kila mahali: mwenyekiti, katibu, na ugomvi.

Nataka tukae zaidi kule Cotswolds.

Januari 1884 Morris alikwenda kutoa mhadhara mjini Leicester, akalala nyumbani kwa familia ya Gimson. Kijana wao Ernest alikuwa na miaka 19, anasomea usanifu majengo. Walikesha wakizungumza, na baadaye Morris akamwandikia barua za kumtambulisha London. Mwaka 1890 Gimson alifanya jambo ambalo wasanifu wa wakati wake hawakulifanya: alikwenda kijiji cha Bosbury, Herefordshire, akakaa wiki kadhaa kwa mkereza viti mzee, Philip Clissett, aliyekuwa na zaidi ya miaka 70, akajifunza kutengeneza viti kwa mikono yake. Clissett alikuwa anatumia kerezo la kukanyaga kwa mguu, lenye kamba iliyofungwa kwenye ufito unaonesa juu: ukikanyaga mti unazunguka, ukiachia ufito unauvuta kurudi. Mbao aliitumia ikiwa mbichi bado. Msomi wa mjini amekaa chini ya mzee asiye na cheti, anafundishwa. Picha hiyo naipenda kuliko samani zote za Morris.

Mwaka 1893 Gimson na ndugu wawili, Sidney na Ernest Barnsley, wote wasanifu, waliihama London wakahamia vijijini Cotswolds, mwishowe wakakita kambi Sapperton. Pale waliangalia vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviita sanaa: mikokoteni ya mashambani, reki za kukusanyia majani makavu, ngazi, malango ya mazizi. Mhunzi na mtengeneza mikokoteni walikuwa walimu wao bila wenyewe kujua.

Chukueni mfano mmoja. Mikokoteni ile ilikuwa na maboriti mazito, na farasi ndiye anayeuvuta uzito. Kwa hiyo mtengeneza mkokoteni alikuwa anazichonga kingo za boriti, anaondoa nyama kila mahali, ila anapofika kwenye kiungo anaacha. Pale boriti inabaki na unene wake wote, kwa sababu pale ndipo nguvu inapohitajika. Matokeo yake boriti inanenepa penye kiungo na kukonda katikati, kama mkono wa mtu wenye kiwiko. Gimson na akina Barnsley wakaichukua hesabu hiyo ya uzito na nguvu wakaipeleka kwenye meza na makabati. Sasa ukitazama mguu wa meza ya Sidney Barnsley, kingo zilizochongwa zinakupeleka moja kwa moja mpaka kwenye kiungo, kana kwamba mtu anakuonyesha kwa kidole. Reki ya majani nayo, ule mhimili wa chini unaogawanyika mara mbili karibu na ncha, wakaiweka uvunguni mwa meza za kulia chakula. Miguu inashikwa na mlaji ana pa kupitisha magoti.

Mbao kuu ilikuwa mwaloni, na mara nyingine mjozi. Nyingi ziliachwa na rangi yake ya kuzaliwa, bila mng'aro. Mbao mbili zikiunganishwa ubavu kwa ubavu kufanya uso wa meza, walizibana kwa vipande vya mti vyenye umbo la kipepeo vilivyozamishwa juu, mahali ambapo kila mtu anaona. Pembe za makabati walizishikamanisha kwa meno yaliyotanuka kama mkia wa njiwa, wakayaacha nje. Kwa kawaida meno hayo sisi tunayaficha ndani ya mtoto wa meza, mbele tunabandika uso. Kwao ndiyo yalikuwa uso.

Hapo pia walitofautiana, na tofauti hiyo inanivutia. Sidney Barnsley alifanya kila kitu mwenyewe, peke yake, tangu kupasua mbao nzito hadi kumalizia. Gimson alichora, na mafundi katika karakana ya Daneway walitengeneza chini ya msimamizi Mholanzi, Peter Waals, ambaye mafundi wenzangu wa Kiingereza waliniambia alikuwa anajua mbao kuliko mabosi wake wote. Nani kati yao alikuwa mkweli zaidi kwa mafundisho ya Ruskin? Barnsley, bila shaka. Lakini Barnsley alikuwa na kipato kingine cha familia. Karakana ya Gimson ndiyo iliyolisha familia za mafundi na kufundisha vijana. Mimi ningeomba kazi kwa Gimson.

Kuna mwingine aliyewahi kuthubutu zaidi: C. R. Ashbee. Mwaka 1888 alianzisha chama cha mafundi mashariki mwa London, mtaa wa maskini, vijana wakifundishwa useremala, uhunzi na kazi za fedha. Mwaka 1902 akakihamisha chama chote, mafundi na wake zao na watoto, watu wapatao 150, mpaka mji mdogo wa Chipping Campden. Waliogelea, waliigiza michezo, walilima bustani. Ikafika 1907 mambo yakawa magumu, na mwaka uliofuata chama kama kampuni kikafungwa. Sababu si siri. London oda zikikauka, fundi anaomba kibarua mtaa wa pili mpaka hali irudi. Kijijini hakuna mtaa wa pili. Juu ya hayo maduka makubwa ya London yalishaanza kuuza vitu vya sura ile ile vilivyotengenezwa kwa mashine, na Ashbee akalalamika pia juu ya mabinti wa familia zenye uwezo, waliojifunza ufundi kwa kujifurahisha na kuuza chini ya gharama, kwa kuwa hawakuwa wanategemea kula kwa mikono yao. Mliokwishashindana na mtu anayefanya useremala kama mchezo wa wikiendi mnajua anachokisema.

Sasa tuvuke bahari, twende Marekani, ambako mtindo huu uliuzwa kwa wingi kuliko kwao.

Gustav Stickley alizaliwa Wisconsin mwaka 1858, mtoto wa mwashi, akaingia kiwanda cha viti cha mjomba wake akiwa kijana. Alikwenda Ulaya, akaona kazi za Waingereza, na mwaka 1900 akaleta sokoni samani mpya kutoka karakana yake karibu na Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1901 akaanzisha gazeti, The Craftsman; toleo la kwanza lilimhusu Morris, la pili Ruskin. Kwenye samani zake alipiga chapa ya bikari ya seremala na maneno ya Kiholanzi yenye maana ya "kadiri niwezavyo". Kiti chake cha Morris ni pande la kiti: miguu ya mraba, mikono mipana ya kuwekea kitabu na kikombe, vijiti vya ubavuni vimesimama wima kama askari, na ncha ya kila mguu imetokea juu ya mkono wa kiti. Kiungo kile kile.

Mbao yake ilikuwa mwaloni mweupe uliopasuliwa kwa robo. Naomba mnifuate hapa, maana pana jambo. Gogo ukilipasua kwa kawaida, ubao baada ya ubao kutoka ubavuni, mbao nyingi zitajipinda. Lakini ukiligawa kwanza mara nne, kisha kila robo ukaipasua ukielekea kiini, ubao unatulia; jua na mvua haviupindi kirahisi. Unapoteza mbao nyingi, na unalipa. Juu ya hayo mwaloni una miale inayotoka kiini kwenda ganda, na ubao wa robo unaikata miale hiyo kwa ubavu, basi inajitokeza usoni kama mabaka yanayong'aa, mithili ya magamba ya samaki.

Kisha hakuupaka rangi, aliufukiza. Ndiyo, kama mama anavyofukiza nguo kwa udi. Samani inafungiwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa pamoja na sahani za amonia kali, saa 48 hivi. Mwaloni una tanini nyingi, ile dawa ya ngozi ambayo magome ya mikoko yetu yalikuwa yanasafirishwa nje kwa ajili yake, na mvuke wa amonia ukikutana na tanini mbao inageuka kahawia. Rangi haikai juu, imezama ndani ya mbao, kwa hiyo mkwaruzo mdogo hauonyeshi weupe. Mwalimu wetu kule Uingereza alinipa kipande cha mwaloni nijaribu, nikakifungia kwenye ndoo ya plastiki na kikombe cha amonia. Nilipofungua siku ya pili nililia machozi ya kweli, lakini kile kipande kilikuwa kimebadilika kama ngozi ya mtu aliyerudi baharini.

Na sasa lile jambo. Mguu wa mraba una nyuso nne. Mbao ya robo inaonyesha mabaka yale kwenye nyuso mbili tu. Mbili nyingine ni mistari mitupu. Mteja anataka mabaka pande zote. Stickley akafanyaje? Zile nyuso mbili akazibandika ubao mwembamba wa mwaloni wa robo. Ubao wa kubandika! Kile kile kilichomkasirisha Morris. Ndugu zake Leopold na John George, waliokuwa na kiwanda chao wenyewe na kushindana naye, walitafuta njia nyingine: wakaunganisha vipande vinne kwa ulimi na mfuo kuzunguka mti wa katikati, mguu mmoja nyuso nne zote za robo. Kazi safi, mimi naivulia kofia. Ila yote ni jasho la kuufanya mti uonekane kama ambavyo mti wenyewe hauwezi kuwa.

Wengine hawakujisumbua hata kiasi hicho. Viwanda vilivyoiga, na vilikuwa vingi, viligundua kwamba mnunuzi anaangalia kama tenoni imetokeza. Basi wakakata vijipande vya mbao, wakavichonga kingo, wakavigandisha kwa gundi mahali ambapo ncha ingetokea. Ndani hakuna kitu kinachopenya chochote. Labda vijiti viwili na gundi. Nimewahi kukiona kimoja kilichobanduka. Chini yake palikuwa laini, hapana tundu, pana doa la gundi tu. Sijui nicheke au nini. Sisi tunaweka unga wa msumeno ili kiungo kibaya kisionekane, wao waliweka kiungo kizuri kionekane pasipokuwa na kiungo.

Msije mkadhani Stickley alikuwa tapeli. Samani zake ni imara, watu wanazikalia hadi leo. Hakuficha kwamba anatumia mashine. Alisema mashine ifanye kazi za kuvunja mgongo na mkono ufanye za kumalizia, na gazetini mwake alichapisha michoro na vipimo ili mtu ajitengenezee mwenyewe nyumbani, jambo ambalo sijaona mwenye duka wa leo akilifanya. Mwaka huo huo wa 1901 msanifu kijana Frank Lloyd Wright alisimama Chicago kuhutubia na kusema mashine si adui wa fundi, adui ni anayeitumia vibaya. Huko Pasadena, California, ndugu wawili Charles na Henry Greene walichagua njia nyingine kabisa: nyumba ya Gamble, mwaka 1908, ina samani za mkangazi wa Amerika zenye vigingi vya mpingo vilivyotokeza na kulainishwa mpaka ukivigusa unadhani ni kokoto za mtoni. Waliozitengeneza ni ndugu wengine wawili, John na Peter Hall. Bei yake msiulize.

Stickley alipanuka kupita kipimo. Mwaka 1913 alifungua jengo la ghorofa 12 katikati ya New York, maduka, mgahawa, ofisi za gazeti. Ladha ya watu ilishaanza kuhama, wakitaka tena miguu membamba na mng'aro. Mwaka 1915 akatangaza kufilisika, mwaka uliofuata gazeti likafa. Yeye aliishi mpaka 1942, karibu asahaulike, na viti vyake vikapelekwa vibandani, vingine vikapakwa rangi nyeupe. Mwaka 1988 kabati la vyombo alilojitengenezea nyumbani kwake liliuzwa kwenye mnada New York kwa dola 363,000, na mnunuzi alikuwa mwimbaji Barbra Streisand. Swali la Morris juu ya nani atanunua lilipata jibu lake, na si jibu alilolitaka.

Naona mwenyekiti anakohoa.

Basi, nimekuja na vipande viwili vya mninga, vimekauka vizuri, nimevipiga randa jana usiku. Nataka tukate tenoni moja inayopenya, tuiache nje, na kila mmoja wenu aje apitishe ukucha. Sijaifanya hadharani kabla ya leo na mikono inanitetemeka kidogo, kwa hiyo mkiona imecheza mtaniambia. Wewe kijana wa mbele, funga hiyo jiliwa. Nani ana patasi ya nusu inchi iliyonolewa leo?